Hatupokei Chini ya Kilo Kumi

Kilo thelathini na nane na nusu. Nilizitaja moyoni binti akiwa bado hajanisalimia, kwa kumwangalia tu dereva wa bodaboda aliyemleta. Mzigo wenyewe ulikuwa kiroba kilichojaa robo tu, na dereva akadhani anashusha mahindi ya kwenda kukoboa. Akakivuta kwa mkono mmoja, pikipiki nzima ikainama kumfuata. "Dada, humu umeweka nini lakini?" akauliza, akaanza upya kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, na kiroba kikatua kwenye saruji ya duka langu kwa mshindo ninaoujua kuliko mlio wa simu yangu. Chuma kikianguka kinalia. Shaba inalia. Risasi, hii metali ya kijivu niliyoinunua na kuiuza maisha yangu yote, ikianguka inanyamaza palepale.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Skola?"

Jina hilo limebaki kwa watu wachache. Wateja wananiita Mama Neema, na nikigeuka wananiita Mama Mzani, nasikia. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza anayemtaka Skola ni nani. Akasema anaitwa Adela, ametoka Kabungu, baba yake ni Fabiano. Kisha akasita, akajisahihisha. "Alikuwa Fabiano. Tulimzika wiki tatu zilizopita." Akakinyooshea kiroba kidole. "Alisema hivi nivilete kwako uvitaje. Mimi sijui kutaja ndiyo kufanyaje."

Mimi kila kitu nakihesabu mara mbili, hata habari za msiba. Nilihesabu wiki tatu kurudi nyuma, nikarudia, nikaipata siku yenyewe: nilikuwa nimesimama hapahapa nikibishana na kijana mmoja kuhusu betri ya lori. Nilimshinda. Mchana nikala vizuri, nikalala vizuri. Wapo watu wanaosema siku ya msiba waliota, au kikombe kilianguka chenyewe kabatini. Kwangu hakikuanguka kitu. Nikamvutia Adela kigoda, nikampa pole, nikamwambia apumzike kwanza, mzigo wenyewe hauozi. Halafu nikabaki nyuma ya meza, mikono yangu haitaki kukigusa kile kiroba, na mimi ambaye ninasogea miaka hamsini na minne nikawa nina ishirini na miwili.

Mwaka ule duka lilikuwa la Mama Zaina. Chumba ni hikihiki cha Kashaulili, hapa Mpanda mjini, ila kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi kifuani, na juu ya hapo chokaa. Katikati, kwenye boriti ya mninga, ulining'inia mzani wa mawe: sahani moja ya mzigo, sahani nyingine ya mawe ya chuma, kuanzia la kilo kumi hadi la robo. Lile la nusu lilikuwa limelainika kwa kushikwashikwa mpaka namba yake imefutika. Nyuma kulikuwa na uani, na uani kulikuwa na jiko, na katika jiko lile Mama Zaina, mjane mnene mwenye sauti ya kusafisha koo, alipika wali wa Mpimbwe ambao harufu yake ilifika barabarani na kutuletea wauzaji wengine bila sababu. Risasi ilikuja kutoka kila mahali: mabomba ya mgodi wa zamani, vichwa vya betri, kebo za simu za zamani ambazo waya wake ulivikwa risasi kama muwa na ganda lake. Sisi tulinunua, tukapanga kwenye masanduku, masanduku yakapanda behewa la mizigo kwenda Tabora. Nyingine walichukua wavuvi wa Karema kutengenezea chubwi za kuzamisha nyavu zao. Kilo moja mwaka ule ilikuwa sahani moja ya wali maharage na chai juu yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nahesabu, kwa sahani, kwa sababu pesa hubadilika lakini njaa yangu ilikuwa ileile.

Palikuwa na desturi ya duka, tukiiita kutaja. Kabla mzigo haujapanda mzani, muuzaji anaunyanyua na kutaja uzito wake, kisha mnunuzi ananyanyua na kutaja wa kwake. Baada ya hapo mzani unasema. Muuzaji akiwa amekaribia zaidi, anaongezewa nusu kilo kwenye hesabu yake. Mnunuzi akiwa amekaribia zaidi, muuzaji anakatwa nusu. Mkilingana, hakuna anayepata. Na ilikuwa mara moja tu kwa kila anayeingia, awe ameleta kilo mbili au kilo mia. Mama Zaina alisema aliikuta kwa marehemu mumewe, naye aliikuta kwa aliyemtangulia, na faida yake ni kwamba mtu aliyekwisha kucheka hawezi tena kusema mzani umechezewa.

Alinifundisha kwa siku tisa. Alinifunga kitambaa machoni katikati ya duka, wapita njia wakisimama kutazama, akanishikisha vitu: pakiti ya sukari, jogoo, dumu la lita tano lenye maji, mtoto wa jirani aliyekuwa akinivuta masikio. "Usinyanyue mpaka kiunoni, utajidanganya. Toa chini, fikisha gotini, rudisha. Gotini hapo mkono hausemi uongo." Kisha akafungua kitambaa, akanipa risasi, na kila nilichotaja nilikosea, maana risasi ni ndogo kwa macho. Kipande cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia unakipangia kilo moja, kumbe tatu zinakaribia nne. Ilibidi macho yajifunze kunyamaza mpaka mkono umalize. Halafu, nilipokwisha kujua, akanifundisha kuyarudisha macho: kipande kikiwa kikubwa kwa macho lakini chepesi kwa mkono, jua kuna jiwe ndani, mtu amelikunjia risasi juu yake. Siku ya kumi akaniachia sahani ya mzani, akaenda kukaa barazani na fundi cherehani wa jirani kunywa kahawa. Mwezi wa pili nilikuwa nashinda wauzaji wanane kati ya kumi. Nilihesabu.

Fabiano aliingia mwezi wa tatu, akisukuma baiskeli, suruali imebanwa chini kwa vipande vya mpira wa tairi. Alikuwa mrefu, mwembamba, Kiswahili chake kina Kibende ndani, kwa hiyo kila alichosema kilitoka polepole na kwa heshima hata kama kilikuwa matusi. Alikuwa amenunua kebo za zamani kwa mzee mmoja huko kwao, akazivua waya, akaleta ganda. Akanyanyua, akataja kumi na saba. Nikanyanyua, nikataja kumi na saba na nusu. Mzani ukasema kumi na saba na robo, kamili katikati.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa hakuna aliyepata."

"Nimetoka Kabungu kwa baiskeli kuja kupata hakuna?"

"Umepata kikombe cha maziwa," nikamwambia, kwa sababu kila aliyeshika risasi dukani kwetu alipewa kikombe cha maziwa. Mama Zaina aliamini maziwa husafisha risasi tumboni. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba alimnywesha kila mtu, hata fundi cherehani aliyekuwa hashiki chochote zaidi ya sindano. Fabiano alikunywa kikombe chake kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akinywa maziwa. Alikaa kwenye kigoda, akatazama mawe ya mzani, akaniuliza namba ya lile la nusu iko wapi. Nikamwambia imeliwa na wauzaji. Akacheka kwa pua.

Wiki iliyofuata akarudi, akanishinda. Wiki nyingine nikamshinda, nikamwambia arudi Kabungu akanyanyue madebe ya maji kwanza. "Dada Skola," akasema, "wewe huo mkono wako uliupata wapi, au ulizaliwa sokoni?" Nikamwambia mimi si dada yake, dada yake angemhurumia. Mama Zaina akawa anamkaribisha chakula, na tukala watatu kwenye sinia moja pale uani, mgebuka wa kukaanga juu ya wali, yeye akila upande wake tu bila kuvuka hata punje. Alikuwa na tabia ya kuchagua kipande cha samaki, kukipimapima mkononi, na kusema, "Robo kasoro." Mama Zaina alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilimwambia ni robo kamili, ale, asijifanye.

Nilikuwa na chumba changu cha kupanga Nsemulwa, kitanda kimoja, ndoo mbili, dirisha la kutazama ukuta wa mwenye nyumba. Jioni nikirudi nilikuwa nashindwa kushika kitu bila kukitaja. Ufunguo. Kiatu. Mkate. Nilikuwa naziona siku zangu zimejaa, na sikujiuliza zimejazwa na nini.

Mwezi wa sita akaanza kuja mara mbili kwa wiki. Mwezi wa saba mara nne. Mizigo ikawa midogo: kilo tano, kilo nne, siku moja kilo tatu na nusu tu, kipande kimoja cha ganda la kebo cha urefu wa shubiri. Mtu mwingine angefurahi kuona mteja. Mimi nilianza kuhesabu. Risasi ikikatwa, pale penye mkato panang'aa kama kijiko kipya, na baada ya siku chache panafifia kijivu. Kipande cha Jumanne kilikuwa na mkato mmoja uliofifia na mmoja unaong'aa. Nilikiweka pembeni. Kipande cha Jumatano kilipokuja, Fabiano alipoondoka, nilivileta pamoja, na mkato ukaingia kwenye mkato, kila mkwaruzo wa msumeno mahali pake. Cha Ijumaa kikaingia kwenye cha Jumatano, na cha Jumamosi kwenye cha Ijumaa. Ilikuwa kebo moja. Alikuwa na mzigo wa siku moja, anaukata nyumbani na kuuleta kwa siku nne.

Nilivipanga vipande vile mezani nikiwa na furaha ya askari aliyekamata mwizi. Nikamwita Mama Zaina kutoka barazani.

"Tazama. Hii yote ni mzigo mmoja. Anaukata."

Mama Zaina akatazama. "Naona."

"Kutaja ni mara moja kwa kila anayeingia. Akileta mzigo mzima ana bahati moja ya nusu kilo. Akiukata mara nne ana bahati nne. Huyu anakula desturi yetu, mama. Na maziwa: vikombe vinne kwa wiki badala ya kimoja. Nimehesabu."

"Ameshashinda mara ngapi?"

Nilikuwa na daftari. Nikafungua, nikahesabu, nikarudia. Alikuwa ameingia mara ishirini na tatu tangu aanze kukata. Ameshinda mara tisa, ameshindwa mara kumi na nne. Yaani tangu aanze kutuibia, alikuwa ametuachia kilo mbili na nusu.

"Basi ni mwizi wa ajabu," akasema Mama Zaina.

"Bado anajifunza. Akishajua mkono wangu ataanza kula."

Akaniuliza kitu kimoja tu. "Na baiskeli umeihesabu?"

Sikuelewa. Nikamwambia baiskeli ni yake, matairi ni yake, sisi inatuhusu nini. Akarudi barazani. Nilimsikia kupitia dirishani akimwambia fundi cherehani, "Nina mtoto humu ndani anajua uzito wa kila kitu Mpanda nzima, kijana wa watu anapanda baiskeli Kabungu mara nne kwa wiki kuja kunywa maziwa, yeye anamtafutia kosa." Fundi akasema kitu sikukisikia, wakacheka. Nilisikia maneno yale yote, nakuapia, neno kwa neno, ndiyo maana naweza kuyaandika. Na nilichofikiri wakati ule ni kwamba wazee wawili wananicheka kwa kuwa nimewaonyesha hasara ambayo wao hawakuiona.

Kesho yake nilinunua kopo dogo la rangi nyeusi kwa pesa yangu. Nikaandika ukutani, juu ya ile kijani, kwa herufi za kwenda wima kama mahindi: HATUPOKEI CHINI YA KILO KUMI. Mama Zaina aliniacha. Alisema duka atakuja kuniachia siku moja, basi nizoee kuliharibu mapema.

Fabiano alikuja siku iliyofuata na kilo tatu na nusu mfukoni mwa koti. Alisimama mlangoni akasoma. Alisoma polepole kama alivyosema kila kitu, na alipomaliza akaanza tena juu.

"Kumi?"

"Kumi."

"Zamani ilikuwa yoyote."

"Zamani watu walikuwa hawakati kebo moja mara nne."

Nilingoja abishe. Nilikuwa nimevipanga vile vipande chini ya meza, tayari kuvitoa na kuvigonganisha mbele yake. Nilitaka abishe, mchezo wetu wote ulikuwa wa kubishana. Hakubisha. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa muuzaji aliyekamatwa: uliona haya, lakini si haya ya mwizi. Akatazama kile kigoda. Akasema, "Basi, Skola." Hakusema dada. Akageuza baiskeli, na kile kipande kikaondoka naye mfukoni, koti limeinama upande mmoja. Hata maziwa yalikuwa tayari kwenye kikombe. Nikayarudisha kwenye sufuria ili yasipotee.

Wiki ya kwanza nilijipongeza. Wiki ya pili nilimshinda muuzaji mmoja wa Inyonga kwa robo kilo na sikuona raha yake. Wiki ya tatu nilijikuta, kila baiskeli ikipita, nahesabu: si yeye, si yeye, si yeye. Kwenye sinia tulibaki wawili na upande wake ukabaki mtupu, kwa sababu mimi na Mama Zaina hatukuwa na mazoea ya kuvuka huko. Jioni Nsemulwa nilikaa kitandani na daftari, nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwezi mzima nyuma. Niliihesabu baiskeli. Kabungu kuja, Kabungu kurudi, mara nne kwa wiki, jua la mwezi wa nane, vumbi la kufika kwenye goti, ili kuuza risasi ya sahani tatu za wali na kushindwa nusu kilo juu yake. Nilihesabu mara mbili. Mara zote mbili haikuwa biashara.

Ungedhani nilipata akili. Nilipata aibu tu, na aibu yangu mimi huwa inavaa nguo za msimamo. Asubuhi Mama Zaina alinikuta nauangalia ukuta. "Kopo la rangi ya kijani lipo kule nyuma," akasema, akipita na chano cha mchele. "Dakika mbili tu unayafuta maandishi."

"Sheria ni sheria, mama. Tukifuta leo watasema duka halina msimamo."

"Nani atasema?"

Nikasema watu.

"Watu," akasema Mama Zaina, akaenda kuchambua mchele wake.

Nilikuwa najiambia atakuja. Kilo kumi si nyingi, atazikusanya, ataingia, nitamwambia lile tangazo ni la wengine. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilichokisahau ni kwamba kule kwao kebo zilikuwa zimeanza kwisha, na kwamba mtu aliyefukuzwa kwa maandishi anahitaji zaidi ya kilo kumi ili arudi. Mwezi wa tisa haukumleta. Wa kumi haukumleta. Mvua za kwanza zilinyesha, paa likavuja juu ya mzani, tukaweka beseni, na mimi nikawa nataja uzito wa maji kwenye beseni, kwa kukosa kazi ya mkono.

Alikuja Desemba, mvua imemlowesha hadi mabegani. Alikuwa na mzigo mmoja umefungwa kwenye keria. Akauweka sakafuni, akasema shikamoo kwa Mama Zaina, akaniambia mimi habari za siku nyingi. Maneno niliyoyapanga yalikuwepo yote, kila moja mahali pake. Kabla sijatoa la kwanza, akasema, "Nimekuja na kuaga pia. Naoa mwezi wa kwanza. Parokiani kwetu. Wazee wamekwisha kukubaliana." Akasema jina la msichana. Akalisema vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hongera," nikasema. "Tutaje?"

Akanyanyua. "Kumi."

Nikanyanyua mimi. Nilitoa chini, nikafikisha gotini, na pale gotini mkono wangu ukaniambia kumi kamili, kumi bila hata punje juu. Alikuwa ameipima kwao, akaikata mpaka ikatosha sheria yangu. Mkono ulikuwa haujawahi kuwa na uhakika hivyo. Nikasema, "Kumi na nne."

Mama Zaina aligeuka. Fabiano alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba akacheka kwa pua. "Skola, mkono wako leo una homa?"

"Una mafua. Ni mvua."

Mzani ukasema kumi. Nikamwongezea nusu kilo kwenye hesabu yake, nikaliweka lile jiwe lililofutika namba juu ya meza mbele yake, kama desturi, aone kwamba amelipwa. Akaliangalia. Akaligusa kwa kidole kimoja, akalisogeza kidogo kwangu. Hiyo nusu kilo ndiyo zawadi ya harusi niliyompa, na nadhani alijua, kwa sababu hakuna muuzaji katika Mpanda nzima aliyewahi kunipata nimekosea kilo nne. Alikunywa maziwa yake yote safari hii bila kuchelewa. Mvua ilikuwa bado inanyesha alipotoka.

Mimi pia nikaolewa, miaka mitatu baadaye, na mtu mwema wa karakana ya reli, na nina Neema na wadogo zake wawili, na sina deni na maisha. Mama Zaina aliniachia duka kama alivyosema. Ukuta umepakwa rangi mara nyingi tangu hapo, na kila mara fundi rangi ananiuliza kama maandishi yale ayarudishie, nami nasema rudishia. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu aje kubisha.

Sasa Adela amekaa kwenye kigoda, anayasoma.

"Mama, hapo pameandikwa kilo kumi. Hizi zinafika?"

Nikafungua kiroba. Nilitegemea mabomba, nilitegemea vichwa vya betri, takataka ya kawaida ya nyumba iliyofiwa. Vilikuwa vipande vya ganda la kebo, kila kimoja urefu wa shubiri, kijivu kwa kijivu, mikato yote imefifia kwa miaka mingi kuliko umri wa huyu binti. Nikavitoa kimoja kimoja, nikavipanga mezani. Kumi na kimoja. Nikahesabu tena. Kumi na kimoja. Nikavileta mkato kwa mkato, na msumeno ukaingia kwenye msumeno, cha kwanza kwa cha pili, cha pili kwa cha tatu, mpaka kebo nzima ikalala mezani kama ilivyokuwa kabla Fabiano hajakaa chini kuikata. Kimoja kilikuwa na kona iliyolainika, kama kitu kilichokaa mfukoni mwa koti.

"Vilikuwa wapi hivi?"

"Chini ya kitanda chao. Mama alikuwa anamwambia kila mwaka auze, tununue hata bati mbili. Baba anasema hizo haziuzwi kwa mkupuo, alizikata kwa siku kumi na moja. Sisi tulikuwa tunamcheka. Tukajua ni mambo yake ya uzee, ila kumbe alianza zamani." Akapangusa jicho kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta jasho. "Nyie mlikuwa mnafanya biashara sana?"

"Mwaka mmoja," nikamwambia.

Nikachukua kipande kimoja, kile cha kona iliyolainika. Nikakitoa chini, nikakifikisha gotini. Nikamfundisha Adela naye anyanyue. Akataja mbili. Nikataja tatu na nusu. Mzani ukasema tatu na nusu. Nikaandika kwenye daftari nne, nikamlipa nne, kisha nikavirudisha vile kumi kwenye kiroba na kukifunga kwa kamba.

"Hivi utavileta kesho. Kesho kimoja. Keshokutwa kingine. Kiroba kiache hapa kama ni kizito, lakini uje mwenyewe."

Akanitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena. Niliona anaanza kupiga hesabu, midomo inacheza kidogo, kabisa baba yake. "Mama, samahani. Nauli ya bodaboda kila siku kutoka Kabungu, kwa kipande kimoja? Au kwa vile mimi sijui kutaja, unataka unikate nusu kilo mara kumi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, pale penye maandishi. Nikamwambia ahesabu vizuri, leo nimemwongezea. Nikamwambia nauli ni juu yangu, kwenda na kurudi, siku kumi, nimekwisha kuihesabu. Akawa bado haniamini, na nilimpenda kwa hilo.

"Kaa kwanza," nikasema. "Maziwa yako jikoni."

Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akaanza kunywa, polepole.